Kichwa Nacho Kina Ngozi

Mwanamume wa Dar es Salaam akienda kunyoa, mashine ni kisingizio tu. Kinyozi akishamaliza kazi yake, mteja anahamia kiti cha nyuma penye beseni, na hapo anapokelewa na dada wa kuosha. Anapakwa skrabu, anakandwa utosi, kisogo na mabega, anafunikwa taulo la moto usoni, na si ajabu ukamsikia anakoroma. Kaka yangu hunyoa kila wiki ilhali nywele zake hazijafika hata sentimita, na wala hafichi: anachokifuata ni ile robo saa ya mwisho.

Sasa aende dada yake saluni. Atalipa mara tano ya alicholipa kaka, atakaa tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi, na muda wote huo kichwa chake kitavutwa, kitachanwa, kitaunguzwa na dawa, kisha kitawekwa chini ya draya. Akiguna, msusi ana jibu analo tayari mdomoni: ukitaka uzuri sharti udhurike. Usiku atalala kifudifudi kwa sababu ubavu haulaliki, na kabla ya hapo atameza panadol mbili. Kesho yake ofisini wote watamwambia amependeza, na atakuwa amependeza kweli.

Mimi ni huyo dada. Na pengine ningeishi hivyo hivyo bila kuuliza swali kama nisingekwenda kusoma Fukuoka, kusini mwa Japani, mji ambao una mtaa unaoitwa Daimyo, na huo mtaa una saluni karibu kila baada ya milango michache. Katika vibao vyao vya bei, chini ya kukata na kupaka rangi, kulikuwa na huduma moja ambayo sikuielewa: spa ya kichwa. Wao wanaiita heddo supa. Saa moja, kama yeni 6,000 hadi 10,000 kutegemea mahali, na ukitoka pale nywele zako zina urefu uleule, rangi ileile, mtindo uleule. Nilijiuliza hiyo pesa yote mtu analipia nini.

Analipia kuoshwa kichwa. Basi. Ile hatua ambayo kwetu tunaipita mbiombio kwenda kwenye jambo lenyewe, Wajapani wameikalia na kuifanya ndilo jambo lenyewe. Na wanayemhudumia pale si unywele. Unywele ulioko nje umeshakufa, hata ukiukata hausikii. Wanahudumia ngozi iliyo chini yake, ambayo ni hai, ina mishipa ya damu, ina neva, inatoa jasho na mafuta, inazeeka, inachoka. Tunajua kupaka uso losheni mara mbili kwa siku, lakini ukishavuka mstari wa nywele tunafanya kana kwamba ngozi imeishia hapo.

Nieleze inavyokwenda, kwa sababu ukiisikia kijuujuu unaweza kudhani ni anasa ya kupoteza muda.

Unaanza kwa fomu. Unalalaje? Kichwa kinakuuma? Shingo? Una mimba? Umewahi kufanyiwa upasuaji, una kidonda, una mzio wa mafuta gani? Unapenda mkono mzito au mwepesi? Baada ya fomu, saluni nyingi huleta kamera ndogo yenye lenzi ya kukuza, wanaigusisha kichwani, na ngozi yako inatokea kwenye skrini. Kwa mtu ambaye hajawahi kuiona ngozi ya kichwa chake mwenyewe, ile picha inashtua kidogo: vishimo vya nywele, mabaki ya sabuni, magamba ambayo ulidhani uliyaosha.

Hapo ndipo mimi na dada aliyekuwa ananihudumia tulipokwama kwanza. Wana kadi ya picha za kulinganishia. Ngozi yenye weupe wa kuelekea buluu, wanasema, ni nzima. Ikiwa ya manjano ina mafuta mengi. Ikiwa nyekundu imekereka. Akaitazama kadi, akaitazama skrini, akanitazama mimi. Ngozi yangu ilikuwa kahawia na hakuna picha ya kahawia kwenye kadi. Akainamisha kichwa, akaomba radhi, akaiweka kadi kando na kusema basi ataangalia magamba na vishimo peke yake. Nilimpenda kwa hilo. Wangapi wangebuni jibu ili tu waonekane wataalamu?

Kisha unalazwa. Nasema unalazwa kwa maana yake kamili: kiti kinashuka mpaka kinakuwa kitanda, na beseni linaipokea shingo bila kuikata. Kampuni ya Takara Belmont ya Osaka, iliyoanzishwa mwaka 1921, ni miongoni mwa waliofanya viti vya namna hii kuwa kawaida katika saluni za Japani. Sitaki kuwasema vibaya wenye saluni wetu, lakini yale mabeseni yanayokukaba kisogo mpaka ukiinuka shingo haigeuki, siku moja yatatupeleka hospitali. Unafunikwa kitambaa chepesi usoni, ili usikutane macho na mtu aliyekuinamia na ili maji yasikurukie. Kitu kidogo hiki kina maana kubwa. Ukiwa umefunikwa uso huna haja ya kuzungumza, huna haja ya kutabasamu, na mwili unaachia.

Maji ni ya vuguvugu, na yanapita kwa muda mrefu kabla sabuni haijafunguliwa. Ndipo mikono inaingia. Na hapa ndipo penye utaalamu wote. Vidole havisugui. Vinatua, vinaishika ngozi, halafu vinaisogeza ngozi yenyewe juu ya fupa: mbele, nyuma, mduara mdogo, kisha vinahama sentimita mbili na kuanza upya. Kucha hazigusi kabisa. Mimi nilizoea kuoshwa na mtu anayetumia kucha kama anayekuna nazi, na nikiwashwa nilimwomba azidishe. Hapa nilipigwa na butwaa kwamba kitu kipole hivyo kinafika ndani hivyo.

Sababu iko katika umbile la kichwa. Ngozi ya kichwa si karatasi iliyogundishwa kwenye fuvu. Chini ya ngozi kuna tabaka la mafuta lenye mishipa mingi ya damu, chini yake kuna utando mgumu uliotanda kuanzia misuli ya paji la uso hadi misuli ya kisogo, na chini ya utando huo kuna tabaka legevu linaloruhusu vyote vya juu viteleze. Ukikunja uso siku nzima mbele ya kompyuta, misuli ya mbele inauvuta ule utando. Ukikaza shingo, ya nyuma nayo inavuta. Pembeni, kwenye panja, kuna msuli mpana wa kutafunia, na mtu anayesaga meno usiku ana kazi kubwa hapo bila kujua. Kwa hiyo anayeisogeza ngozi anailegeza ile kamba yote kwa pamoja. Anayesugua kwa kucha anaumiza ngozi ya juu na kuzifunga nywele mafundo.

Katikati ya povu inakuja sauti ya chini: kuna sehemu inayokuwasha? Hilo ni swali la kawaida katika saluni za Japani, na nilikuja kugundua kwamba karibu kila mtu hujibu hapana, hata kama anawashwa, kwa sababu ya adabu. Mimi wa Temeke nilisema ndiyo, hapo nyuma ya sikio la kushoto. Kimya kidogo. Halafu akanikuna kwa unyenyekevu mkubwa.

Baada ya kusuuza yanakuja mafuta au krimu, taulo la mvuke linawekwa chini ya shingo, na mkono unarudi tena taratibu. Mwisho unaketishwa, na anakupiga mabegani kwa viganja viwili alivyovikutanisha na kuacha uwazi katikati, vinatoa mlio mtupu, pakon pakon. Unatoka na uso umelegea. Bahashishi hakuna, ukiiacha mezani watakukimbiza barabarani kukurudishia.

Nilidhani mikono ya namna hiyo ni kipaji. Nikaambiwa ni mtihani. Sheria ya watengeneza nywele ya mwaka 1957 inamtaka mtu awe na leseni ya taifa. Husoma chuoni, kwa kawaida miaka miwili, kisha anafanya mtihani wa nadharia na wa vitendo. Na akishaipata leseni na kuajiriwa hapewi mkasi. Anapewa beseni. Anaanza kama msaidizi, anaosha, na saluni ikishafungwa usiku wasaidizi wanabaki kuoshana wao kwa wao huku mkubwa wao akilala kitini na kuwasahihisha: hapa umebonyeza sana, hapa maji yameingia sikioni. Mpaka akubali ndipo wanaguswa wateja. Kwetu pia anayeosha ni binti anayejifunza, ila kwetu anapewa beseni kwa kuwa inaaminika hapo hawezi kuharibu kitu.

Ipo aina nyingine isiyotumia maji wala mafuta, ya kichwa kikavu. Unaingia umevaa suti yako, chumba kina giza, unalala, unakandwa kichwa kwa nusu saa au zaidi, na lengo linatangazwa waziwazi: ulale usingizi. Wateja ni watu wa ofisini waliochoka macho. Aina hii ina mambo yake ya kisheria yanayochekesha. Tangu 1947 Japani ina sheria inayosema kumkanda mtu kwa biashara ni kazi ya mwenye leseni maalumu. Kuosha nywele ni kazi ya mtengeneza nywele mwenye leseni. Sasa wewe unayekanda kichwa bila kukiosha na bila leseni uko wapi? Uko katikati. Ndiyo maana ukisoma matangazo yao kwa makini hukuti neno masaji wala neno tiba. Utakuta kupumzika, kulegea, kujisikia vizuri. Kwa hiyo ubora unatofautiana sana kati ya duka na duka. Mtu akiniuliza aende wapi, namwambia aanze na saluni ya kawaida yenye beseni.

Ile mikono ina ukoo mrefu. Zamani za utawala wa Edo, kati ya 1603 na 1868, kukanda watu kulikuwa kazi ya vipofu hasa. Waliitwa anma, na usiku walipita mitaani wakipuliza filimbi ili wenye nyumba wajue mkandaji anapita. Mkubwa wao katika kumbukumbu ni Sugiyama Waichi, aliyezaliwa 1610, kipofu tangu utotoni, mtaalamu wa kutibu kwa sindano. Yeye ndiye anayesifiwa kwa kile kibomba chembamba cha kuongozea sindano ambacho bado kinatumika, na alimtibu mtawala Tokugawa Tsunayoshi mwenyewe. Akaachiwa kuanzisha mafunzo ya sindano na ukandaji kwa vipofu. Mpaka leo shule za wasioona za Japani zinafundisha kazi hiyo, na wahitimu wanafanya mtihani wa taifa ili wapate leseni.

Karne ya 20 akaja Tokujiro Namikoshi na shiatsu, ufundi wa kubonyeza kwa dole gumba. Alifungua chuo chake Tokyo mwaka 1940, na 1954 alipata umaarufu wa bure pale Marilyn Monroe alipougua akiwa ziarani Japani na yeye akaitwa kumhudumia. Waosha vichwa wa leo wameokota kutoka kwa wote hao. Wanabonyeza utosini, pale mstari unaopanda kutoka ncha ya sikio moja hadi la pili unapokutana na mstari wa katikati ya kichwa. Hapo wanapaita hyakue. Wanabonyeza vile vishimo viwili vya chini ya fuvu, pembeni mwa uti wa shingo, wanavyoviita fuchi. Nadharia kwamba sehemu hizo ziko kwenye njia za nguvu za mwilini siwezi kuiapia. Lakini weka madole gumba kwenye vile vishimo viwili, inamisha kichwa nyuma kidogo, vuta pumzi taratibu mara tano, halafu uniambie kama hukusikia kitu kwenye macho.

Watu hupenda kuamini kwamba Wajapani wameoga na kuosha nywele kila siku tangu zama za mababu. Kuoga ndiyo, nywele hapana. Wanawake wa kasri katika zama za Heian, miaka elfu moja iliyopita, walikuwa na nywele zinazoburuzika sakafuni. Kuziosha ilikuwa shughuli ya siku nzima, kwa hiyo katikati walizichana kwa maji ya kuoshea mchele. Zama za Edo wanawake waliosha mara moja au mbili kwa mwezi, kwa mchanganyiko wa unga wa ngano na mwani uitwao funori uliolowekwa kwenye maji ya moto. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaotengeneza sabuni ya mwani hawatalishangaa hilo. Kampuni ya Kao ilitoa shampuu yake mwaka 1932, na hata hapo watu hawakuharakisha. Kuosha kila siku ni jambo la juzi. Mnamo 1987 mtindo wa wasichana kuosha nywele kila asubuhi kabla ya shule ulikuwa kioja kiasi cha kupewa jina lake.

Nayasema haya kwa sababu tunaoosha mara moja kwa wiki mbili huwa tunaambiwa sisi ni wachafu. Kati ya siku za kuosha, bibi za Wajapani waliiangalia ngozi kwa njia nyingine: kuchana kwa kitana cha mbao ya tsuge, mbao ngumu isiyoleta umeme wa nywele, iliyolowekwa mafuta ya tsubaki. Duka la Yonoya la Asakusa, Tokyo, linauza vitana hivyo tangu 1717. Mafuta ya tsubaki yanakamuliwa kutoka mbegu za ua linalostawi kisiwa cha Izu Oshima na visiwa vya Goto, na asilimia zaidi ya 80 ya asidi zake za mafuta ni oleiki, ileile iliyojaa kwenye zeituni. Ni mepesi, hayanuki, na chupa ndogo ina bei ya kukuumiza. Yangu ilipoisha nilirudi kwenye nazi na wala sikulia.

Turudi kitandani, kwenye nywele zangu za kipilipili. Saluni ya kwanza niliyoipigia simu ilinijibu kwamba itakuwa vigumu kidogo, ambayo kwa Kijapani maana yake ni hapana, usije. Ya pili ilikubali. Yule dada alinikalisha, akauliza kama anaruhusiwa kugusa, akasema hajawahi kushika nywele za aina hii na angependa nimwelekeze. Nilikuwa nimefumua twisti nilizojisuka mwenyewe, nikazigawa mafungu manne na kuyabana. Nikamwambia sheria zangu tatu: usichane zikiwa kavu, usizikusanye zote utosini kutengeneza povu, usianzie kuchana kwenye mzizi. Akaandika. Kwenye kijitabu.

Ajabu ni kwamba ufundi wao unatufaa sisi kuliko wao. Nywele zao zimenyooka, ukizisugua zinarudi. Zetu ukizisugua zinafungana, na siku yako imekwisha. Lakini anayeshika ngozi na kuisogeza bila kupitisha kidole kwenye unywele hafungi fundo hata moja. Aliniosha kichwa kizima fungu kwa fungu, na nilipofungua kuchana nilipoteza nywele chache kuliko nilivyozoea kupoteza nyumbani.

Alitaka pia kunipa maji yenye gesi ya kaboni, yanayopendwa sana katika saluni za Kyushu, kisiwa ulipo mji wa Fukuoka. Gesi hiyo ikiyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu inapanua mishipa midogo ya damu ya ngozi. Ndiyo sababu watu wanaenda kuoga Nagayu, mkoani Oita, kwenye chemchemi ambako viputo vinakung'ang'ania mwilini mpaka vinyweleo vinaonekana vyeupe. Kichwani yanachechemka na kuburudisha. Zaidi ya hapo siyadai.

Maana madai ndiyo ugonjwa wa biashara hii. Je, kukandwa kichwa kunaotesha nywele? Kuna utafiti mmoja wa Kijapani unaonukuliwa kila mahali, uliochapishwa 2016 katika jarida la ePlasty. Wanaume 9 wenye afya walikandwa kichwa kwa kifaa maalumu dakika 4 kwa siku, wiki 24. Unene wa unywele ukatoka wastani wa milimita 0.085 hadi 0.092. Kasi ya kuota haikubadilika. Watu tisa! Ni jambo la kuvutia, na ni dogo mno kumuuzia mtu mwenye kipara matumaini ya saa moja kwa yeni elfu kumi. Uwaraza wa kurithi unatokana na homoni na urithi wa damu, hauondolewi na dole gumba.

Mba nao una mambo yake. Mara nyingi unahusika na fangasi aitwaye Malassezia, anayeishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu na kula mafuta yake. Ukikuta mtu ana mba mkali, wenye magamba ya njano na wekundu, na wewe ukazidi kumkanda kwa mafuta mazito, unamwandalia fangasi karamu. Huyo anahitaji shampuu ya dawa yenye ketokonazoli au mfano wake, na ushauri wa daktari wa ngozi. Watoto wenye mapunye ndiyo kabisa: ni maambukizi, yanapita kwenye kitana na mashine, na yanatibiwa kwa dawa za kumeza. Saluni niliyoizoea Fukuoka ilikuwa na msimamo: wakiona kidonda au magamba yasiyo ya kawaida kwenye kamera, wanakufungia taulo, wanakurudishia pesa, wanakuelekeza hospitali.

Basi kama haioteshi nywele na haitibu, watu wanafuata nini? Usingizi. Takwimu za mwaka 2021 za OECD, shirika la kiuchumi la nchi zilizoendelea, zilionyesha Wajapani wanalala wastani wa saa 7 na dakika 22, kidogo kuliko nchi zote 33 zilizolinganishwa. Sheria ya mageuzi ya kazi iliyoanza kutumika 2019 iliweka kikomo cha saa za ziada, na kikomo chenyewe katika miezi ya dharura ni chini ya saa 100 kwa mwezi. Soma tena: saa mia za ziada, na huo ni ukomo. Ukijua hilo, ukiwaona watu wazima wenye mikoba wamepanga foleni saa mbili usiku kulipia kulala nusu saa kwenye chumba chenye giza, huoni tena anasa. Mimi huona kiraka. Mwajiri amechana shati na mfanyakazi analipa fundi.

Siku hizi video za spa ya kichwa zimejaa kwenye simu, na nyingi zina bomba la duara linalomwaga maji kama pazia juu ya paji la uso. Chini yake imeandikwa Japani. Hilo bomba nililiona zaidi kwenye video za saluni za China na Vietnam, ambako kuosha kichwa kwa mitishamba ni utamaduni mwingine kabisa wenye heshima yake. Saluni nilizopita mimi Kyushu zilikuwa na mpira wa kawaida wa maji na mikono ya mtu. Sina ugomvi na bomba. Ila mwenye saluni anayetaka kuanza huduma hii Mikocheni au Kilimani asikimbilie kuagiza bomba. Anunue kiti kinacholala, kisha amlipe vizuri binti anayeosha.

Nilimweleza msusi wangu wa Sinza haya yote. Mama huyu ana miaka mingi kazini na hapendi kufundishwa.

"Mwanangu, unataka nikuoshe saa nzima halafu nisikusuke?"

"Ndiyo, mama. Nakulipa ile ile ya kusuka mistari."

"Na nywele utabaki nazo hivyo hivyo, zimesimama?"

"Hivyo hivyo."

Akanitazama kwa huruma. Lakini alinilaza kwenye viti viwili vilivyounganishwa, akakunja kanga akaniwekea shingoni, na nikamwonyesha namna ya kushika ngozi bila kusugua. Kwa mtu ambaye vidole vyake vimegawa mistari ya vichwa maelfu, hakuhitaji kuonyeshwa zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo anaiita "ile ya kulala" na amewapa wateja wengine, kwa bei aliyoipandisha bila kuniuliza.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, beseni si lazima. Kaa, weka viwiko mezani, inamishia kichwa mikononi ili uzito wake uegemee vidole. Anza kisogoni, panda hadi utosini, malizia kwenye panja huku mdomo umeachia na meno hayakutani. Mafuta ya nazi matone machache yanatosha. Ya nyonyo ni mazito, yachanganye. Uwe na kucha fupi. Siku ya kuosha, fanya kabla ya sabuni.

Ukiwa na rasta, ncha ya kidole inaingia kati ya mistari na kuisogeza ngozi palepale, bila kuvuta msuko. Zikiwa mpya na zinauma, usikande kabisa: mzizi tayari umevutwa, na wewe utauongezea. Na ukiona vipele vidogo vyeupe kwenye mstari wa mbele, au nywele za kwenye panja zinang'oka na msuko wake, fumua siku hiyohiyo, hata kama ulilipa jana.